Mpeni Mbuzi Zamu: Barua ya Wazi kutoka Nyakunguru

Kwa waheshimiwa madiwani, maafisa mifugo na maafisa kilimo, na watendaji wa kata na vijiji wa wilaya za Tarime na Serengeti. Nakala kwa wazee wa mila, ambao najua watasomewa chini ya mti.

Waheshimiwa na ndugu zangu,

 

Ninaandika nikiwa Nyakunguru. Jina hili likitajwa mbali, mtu huulizia mgodi wa North Mara, kwa kuwa sisi ni miongoni mwa vijiji vinavyouzunguka. Barua hii haihusu dhahabu. Inahusu majani: yaliyofunga njia ya kwenda kisimani, yaliyomeza makaburi ya wazazi wetu, yanayoficha kifutu nyuma ya vyoo vya shule. Inahusu pia mbuzi na kondoo, wanyama ambao katika mikutano yote niliyohudhuria nimewasikia wakitajwa kwa mambo mawili tu, faini na kitoweo.

Nilifundisha shule za msingi miaka thelathini na moja. Sasa nimestaafu, nina mbuzi kumi na wanne na kondoo sita. Kwa Mkurya hesabu hiyo ina aibu kidogo. Kwetu mtu hupimwa kwa ng'ombe. Mahari ni ng'ombe, heshima ni ng'ombe, ugomvi nao ni ng'ombe. Mbuzi ni wa watoto kuchunga na wa mama kuuza ada ya mtihani inapodaiwa. Huenda ndiyo sababu hakuna aliyewahi kukaa chini akamfikiria kama mfanyakazi. Nami sikumfikiria hivyo mpaka nilipofanya jambo ambalo bado linanisuta, na naona niwaeleze hilo kwanza.

Januari moja tulifungua shule tukakuta mvua za vuli zimefanya kazi yao. Majani yalimfika mtoto wa darasa la pili mabegani. Mlango wa choo cha wasichana ulikuwa hauonekani. Kama ilivyo desturi tukawaagiza wanafunzi waje na slesha na majembe, na vipindi viwili vya kwanza vikawa vya kufyeka. Siku ya tatu kijana wa darasa la tano aliinua slesha ya kujitengenezea, ya chuma cha pipa, ikateleza ikampata mwenzake juu ya kifundo cha mguu. Nilimfunga kwa kitambaa changu cha jasho, tukapakiana watatu kwenye bodaboda hadi zahanati. Nyuzi saba.

Juma hilohilo mbuzi watatu wa mama mmoja mjane walipenya kwenye uzio wa minyaa, wakaingia uwanjani. Mwalimu wa zamu nilikuwa mimi. Niliwakamata nikawafunga kwenye mlingoti wa bendera, kila mmoja na kamba yake, mpaka mwenyewe aje na faini. Alikuja saa tisa alasiri. Kufikia hapo mbuzi walikuwa wameshakula duara lao, jani kwa jani hadi kwenye shina, na kamba ilipoishia ndipo majani yalipoanzia, utadhani kinyozi amepita na mashine. Yule mama aliniangalia, akaliangalia duara, akafungua fundo la kanga akatoa hela. Hakusema neno. Nikamwandikia risiti. Nimeandika karatasi nyingi za kipuuzi katika utumishi wangu, lakini ile inaongoza: nilimtoza mtu faini kwa kazi ileile ambayo siku mbili kabla ilikuwa imemwaga damu ya mtoto.

Mnapenda kutania mikutanoni kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Tunajua mnamaanisha nini, na anayecheka kwa sauti mara nyingi ndiye mwenye kamba ndefu. Mimi nairudisha ile kamba kwenye kigingi chake. Kamba ya katani, mbuzi wa kweli, na mtu anayeamua urefu wake na saa ya kuihamisha. Hoja zangu zote zimefungwa hapo.

1. Mbuzi anatumikia hukumu ya Kondoa

Kila nikimweleza afisa jambo hili, jibu huwa moja: mbuzi anaharibu mazingira. Najua lilikotoka. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa. Milima ile ilikuwa imechanwa na makorongo. Sibishi kwamba mifugo ilipotoka majani na miti vilirudi. Kizazi kizima cha wataalamu kikafundishwa kwa mfano ule, na mbuzi akatoka darasani ana kesi.

Ila kuna mfano wa pili, tena ulio karibu nasi zaidi kuliko Kondoa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, nao ukashika ngitili, utaratibu ambao Wasukuma walikuwa nao tangu zamani. Mvua zikianza, sehemu ya ardhi inafungwa. Majani yanakua na miti inapumua. Kiangazi kikikolea inafunguliwa, mifugo inaingia kula, kisha inatoka. Sehemu kubwa ya ardhi iliyokuwa imekauka Shinyanga ilirudi kuwa na miti kwa njia hiyo, na wanyama wakiwa wapo.

Kondoa walimfukuza mnyama, Shinyanga walimpa zamu. Kwa nini somo lililokaa vichwani mwa ofisi zetu ni la kwanza? Nadhani ni kwa sababu kufukuza ni amri ya siku moja, inaandikwa na kugongwa muhuri. Zamu inataka mtu wa kuisimamia kila juma, na posho ya kusimamia kamba ya mbuzi haijawahi kuandikwa kwenye bajeti yoyote.

2. Kazi anaijua kuliko sisi

Mtazameni mnyama akila, mtaona kwamba ng'ombe, kondoo na mbuzi hawafanyi kazi moja. Ng'ombe huzungusha ulimi kwenye majani marefu na kuyang'oa kwa fundo. Kondoo hukata chini karibu na udongo, na hupenda majani laini na magugu yanayoanza kuchipua. Mbuzi huinua kichwa. Mdomo wake wa juu ni mwepesi kama kidole, unachomoa jani katikati ya miiba bila kuchomwa, na asipofika husimama kwa miguu ya nyuma. Pale ng'ombe anapoona pori, mbuzi anaona sahani.

Mbuzi wetu wa kienyeji mwenye kilo 25 hula kama kilo tatu au nne za majani mabichi kwa siku. Mbuzi ishirini ni kilo 60 hadi 80, kila siku, Jumapili ikiwemo, na hawahitaji kunolewa.

Hata hivyo mlo wa kwanza si kitu. Kichaka kina akiba mizizini. Ukikipiga panga mara moja ni kama umekipogolea: palipokuwa na shina moja panatoka matano. Kazi ya mbuzi inaonekana pale unapomwondoa, unasubiri machipukizi yafike kwenye kifundo cha mguu, kisha unamrudisha. Mzizi unatoa tena akiba yake kutengeneza majani, naye anayala tena. Mara ya tatu, mara ya nne, machipukizi yanatoka membamba, ya manjano, kama vidole vya mgonjwa. Nyuma ya nyumba yangu kuna robo tatu ya ekari iliyokuwa imefunga kiasi kwamba hata kuku hakuingia. Nilipiga vigingi na kamba za mita sita, nikawa nahamisha asubuhi na saa saba mchana. Mwaka wa kwanza nilirudisha kundi mara nne. Msimu wa pili mke wangu alipanda viazi vitamu humo.

Wazee wetu waliujua ukweli huu kwa upande wa maumivu. Sotoka iliyopita Afrika Mashariki miaka ya 1890 ilimaliza ng'ombe, watu wakafa njaa, nayo malisho yaliyokosa mlaji yakageuka vichaka. Vichaka vikamkaribisha mbung'o, na mbung'o akawazuia hata waliotaka kurudi na mifugo.

Na kama mnaamini zaidi mambo ya ng'ambo, Rais Woodrow Wilson wa Marekani aliwaachia kondoo bustani ya Ikulu yake mwaka 1918, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ili vijana wa kukata majani waende kwenye kazi za vita. Sufu yao ikauzwa kwa mnada kuchangia Msalaba Mwekundu. Mwaka 2009 kampuni ya Google ilikodi mbuzi wapatao 200 kula majani kwenye makao yake Mountain View. Mwaka 2013 uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago, nao ukaleta kundi la mbuzi na kondoo. Wenzetu wanalipa ili mbuzi aje. Mimi nililipwa ili aondoke.

3. Moto na dawa, njia zetu mbili za haraka

Asiyefyeka huchoma. Mnajua Agosti ilivyo: jioni anga la upande wa Serengeti lina rangi ya shaba, na asubuhi kuna banda la mtu limekwenda. Moto unaondoa majani yaliyo juu na kuacha mizizi hai. Baya zaidi, baadhi ya magugu tuliyo nayo sasa yana mafuta kwenye majani. Yanawaka hata yakiwa nusu mabichi, na moto ukishapita ndiyo yanayotangulia kuota. Ureno mwaka 2017 moto wa misitu uliua watu zaidi ya 100. Mwaka uliofuata serikali yao ilianza mpango wa kuwalipa wachungaji wa mbuzi wale vichaka kabla ya kiangazi. Mbuzi wao wanatafuna moto ungali majani.

Kuhusu dawa za kuua magugu sitasema mengi. Nimemwona kijana akipuliza bila glavu wala barakoa, bomba mgongoni, hatua kumi kutoka kisimani, na jioni akachota maji humohumo akaoga. Chupa tupu ilitumika kuuzia mafuta ya taa.

4. Mahali ambapo mbuzi hafai kabisa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu anayeuza dawa ya kila ugonjwa ni mganga wa gulioni, na mimi sitaki mnisome hivyo.

Kuna gugu limeingia Mara, Tarime na Serengeti zote, lenye majani ya pembetatu yenye mishipa mitatu, na maua meupe-zambarau kama brashi ndogo. Ukiliponda majani linatoa harufu kali. Wataalamu huliita Chromolaena odorata. Asili yake ni Amerika. Tuliite kromolena. Shina moja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, nazo zina manyoya, zinapaa na upepo na kunasa kwenye suruali na kwenye manyoya ya mnyama. Watu wengine hulisifu kwa kuponda majani na kukanda jeraha. Lakini malisho linayaua, na majani yake, hasa machanga, yana sumu.

Mbuzi analijua. Analiruka. Na hapo ndipo panapoponza: ukiacha mbuzi wazurure ovyo mahali penye kromolena, watakula kila kitu isipokuwa yenyewe, nayo itabaki peke yake, bila mshindani, imefunguliwa jua. Tutakuwa tumeifyekea. Kromolena inang'olewa kwa mkono na jembe, mzizi wote, udongo ukiwa na unyevu na kabla haijatoa maua. Kisha majani ya malisho yapandwe au yaachwe yashike ardhi. Mbuzi na kondoo wanaingia baadaye sana, kwa kamba, na hawapitishwi kabisa mahali ambapo gugu lina mbegu. Kwenye maeneo makubwa yaliyokwisha kuvamiwa nalo, hata mkono hautoshi. Indonesia na Papua New Guinea walipunguza kromolena kwa kutumia inzi mdogo anayetaga kwenye mashina na kuyavimbisha. Hilo ni la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na la watafiti. Ninyi mnaweza kuwaandikia. Mimi mwalimu mstaafu nikiandika, barua inawekwa chini ya chupa ya chai.

Lantana, lile ua la rangi mbili ambalo wengine tulilipanda wenyewe kuwa uzio, huumiza ini. Mbuzi aliyeshiba hulionja akaliacha. Mbuzi mwenye njaa, aliyefungiwa mahali pasipo kingine, atalila, na baada ya siku chache ngozi ya pua na masikio inaanza kubanduka juani. Gugu karoti, ambalo limekwisha kuwatesa wenzetu wa Arusha, huwasha ngozi ya watu na kuharibu ladha ya maziwa na nyama. Mnanaha nao ni sumu, hauhitaji maelezo.

Na kuna jambo ambalo watu wa kahawa hapa Tarime lazima waambiwe kwa herufi kubwa. Nimesikia mtu akishauri kondoo waingizwe chini ya mibuni wale magugu, kwa kuwa hawapandi miti kama mbuzi. Shamba lililopigwa dawa ya kopa kwa ajili ya kutu ya majani au chule buni ni kaburi la kondoo. Madini yale hujikusanya kwenye ini lake, naye hayavumilii kama wanyama wengine. Anaweza kukaa miezi mzima wa afya, siku moja ukamkuta ana macho ya njano na mkojo mwekundu. Utasema umelogwa.

Nimalizie hoja hii na mbuzi maarufu kuliko wote Afrika Mashariki. Miaka ya 1980 wataalamu walipanda Baringo, Kenya, mti unaoitwa mathenge, wakinuia kuzuia jangwa na kupata kuni. Maganda yake ni matamu. Mbuzi wakayala, sukari ikawaozesha meno, mbegu zikawakwama, meno yakang'oka. Mbegu nyingine zikatoka na kinyesi zikaota kila walipopita. Mwaka 2006 wananchi wa jamii ya Ilchamus waliishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akafikishwa mahakamani Nairobi kuwa kielelezo. Hapo kuna mambo mawili kwetu. Mbuzi akishakula mbegu, akae zizini siku kadhaa, tuseme juma zima, kabla hajapelekwa shamba la mwingine. Na mtaalamu naye anaweza kukosea kuliko mbuzi.

5. Magonjwa, fisi na yowe

Haya nayapita haraka kwa kuwa mnayajua. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini mwaka 2008. Kundi lisilochanjwa lisivuke mpaka wa kijiji. Homa ya mapafu vivyo hivyo. Usiku kundi lirudi zizini, maana fisi haheshimu mkataba, na huku kwenye vijiji vya Serengeti chui naye yumo. Kandokando ya barabara kubwa wasipelekwe, wataua mtu wa bodaboda. Kwenye visima wasikaribie.

Na tusifichane: kwetu mnyama akionekana mahali asipozoeleka, yowe linapigwa, na watu hutoka na silaha kabla ya kuuliza. Kundi linalokwenda kufanya kazi kijiji kingine liwe na barua ya mtendaji, alama ya rangi mgongoni, na wazee wa pande zote mbili wawe na habari. Hapa wazee wa mila wanaweza kutusaidia kuliko askari.

6. Pesa ipo, imekosa wazo

Halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Angalieni maombi yanayokuja. Kuku, bodaboda, viti vya kukodisha harusini, kuku tena. Kikundi cha akina mama kumi chenye mbuzi ishirini, kamba, vigingi na chanjo, kinaweza kulipwa kwa ekari na shule, na zahanati, na mwenye kiwanja aliyeko Mwanza ambaye ukoo unamlaumu kwa kufuga nyoka. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Mashine gani ya kufyeka inazaa? Samadi inabaki kwenye bustani ya shule. Yule mjane wa mlingoti angekuwa mkandarasi.

Ninachoomba

Sitaki semina. Semina itaisha kwa soda na picha ya pamoja. Naomba haya.

Kwanza, sheria ndogo zinazohusu mifugo inayozurura zitenganishe mbuzi anayezurura na mbuzi aliyefungwa kamba kwa idhini ya mwenye eneo. Wa kwanza atozwe, siwatetei wavivu. Wa pili apewe kibali cha ukurasa usiozidi mmoja, kinachotolewa na mtendaji wa kijiji, kikionyesha eneo, idadi ya wanyama, tarehe ya kuingia, ya kutoka na ya kurudi. Tarehe ya kurudi isisahauliwe. Bila hiyo mtakuwa mmelisha mbuzi tu, kichaka kitabaki.

Pili, chagueni maeneo matatu ya majaribio katika kila wilaya: shule moja, kituo cha afya kimoja, na uwanja mmoja wa makaburi kwa ridhaa ya ukoo. Pimeni. Andikeni ekari, siku, gharama, na majani yaliyorudi baada ya miezi mitatu. Kwenye eneo jingine la ukubwa uleule lipeni watu wa slesha, na kwenye jingine tena la kulinganishia msifanye kitu. Msituambie inafaa au haifai kwa sababu mmesoma mahali. Baada ya mwaka ubaoni pawe na tarakimu.

Tatu, maafisa kilimo na maafisa mifugo tembeeni pamoja siku moja tu katika kila kijiji. Hivi sasa mmoja anajua gugu na hajui mnyama, mwingine anajua mnyama na hajui gugu, na mkulima ndiye anayebaki katikati na mzoga. Mtoke na karatasi moja yenye picha za mimea ya sumu ya kijiji hicho, kwa majina ya Kikurya, Kiikizu, Kinata, Kijaluo, kwa jinsi wenyeji wanavyoiita, ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji na kwenye duka la pembejeo.

Nne, chanjo ya sotoka na ya homa ya mapafu ije kabla ya kundi lolote kuanza kazi, siyo baada ya vifo vya kwanza.

Tano, watoto waachiwe slesha ndogo za bustani tu. Shule yenye zaidi ya ekari moja ya majani ipewe mbuzi au watu wazima. Najua mtasema kazi ni elimu ya kujitegemea, na mimi mwenyewe nimeifundisha. Lakini kujitegemea hakumtaki mtoto wa miaka kumi na mmoja aingie kwenye majani yanayomzidi kimo, ambamo hakuna anayeona mguu wa nani uko wapi.

Yote haya yaingie kwenye mipango ya vijiji mapema, kabla madiwani hawajapitisha bajeti ya mwaka wa fedha utakaoanza Julai. Tukichelewa hapo tutaambiwa kasma haipo, na majani hayangoji kasma.

Atakayetaka kuona kabla ya kuamua aje Nyakunguru. Nimekubaliana na familia moja ya jirani kusafisha uwanja wao wa makaburi, kama nusu ekari, ambao haujaingiwa tangu msiba wa mwisho. Lantana iliyokuwa kwenye kona tumekwisha kuing'oa kwa mkono na kuichoma. Kundi limechanjwa, limekaa zizini juma zima. Tutaanza Jumatatu ya kwanza baada ya mvua kukatika, saa moja asubuhi, na tutarudi machipukizi yakifika kifundoni. Njooni na viatu vya kufunga, vigingi tunavyo. Yule mama wa mlingoti naye atakuwepo na mbuzi wake watatu, ambao sasa ni tisa, na safari hii mimi ndiye nitakayemlipa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Nyakunguru, Tarime